Tunamfuata baba Daejeon na watoto wawili: nasari ya Kikorea au ya Kiingereza?

Swali: Assalaam alaykum dada. Mume wangu yuko Daejeon, Korea Kusini, mwaka wa kwanza wa PhD. Mimi na watoto tunamfuata mwezi wa pili inshallah kutoka Tanga. Wa kike ana miaka minne, wa kiume mwaka na miezi miwili. Wenzake chuoni wanamwambia watoto waende nasari ya Kiingereza ili wasipotee tukirudi, yeye anasema ya Kikorea ndo tutaiweza kwa bei. Mimi naogopa watasahau Kiswahili, naogopa kulishwa nguruwe, naogopa kubaguliwa, alafu mwenyewe nitakuwa nashinda ndani tu. Nishauri.

Jibu: Waalaykum salaam mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe kabla ya maneno mengi: nasari ya Kikorea, ile iliyo karibu kabisa na nyumba yenu, wote wawili, na Kiswahili nyumbani kila siku. Mumeo yuko sahihi ila sio kwa sababu ya bei peke yake. Na ujue mapema, kwa miaka niliyofanya kazi na familia za kigeni huku, watoto wa umri huo karibu wote wanakaa sawa baada ya muda, anayenipa wasiwasi mara nyingi ni mama yao. Wewe nimekuweka mwisho lakini usiruke.

Hiyo nasari ya Kiingereza wanayoisifia, wenyewe wanaita yeongeo yuchiwon, kisheria wala sio chekechea, imesajiliwa kama hagwon yaani kituo cha tuisheni. Ada yake inavuka won milioni moja kwa mwezi kirahisi tu, hapo hujaweka basi na vitabu, kwa posho ya mwanafunzi wa PhD mtakula nini sasa. Alafu wateja wake ni wazazi wa Kikorea wanaotaka mtoto ajue Kiingereza, kwa hiyo binti yako atakaa na watoto ambao mwalimu akigeuka tu wanaongea Kikorea, na yeye hicho Kikorea atakuwa hana kwa sababu anafundishwa Kiingereza. Anakosa kote. Kuna shule za kimataifa kweli kweli, hizo watoto wa mabalozi na wa makampuni wanalipiwa na mwajiri, sio ligi yetu.

Sasa ya Kikorea ziko aina mbili. Kuna eorinijip, inachukua kuanzia wachanga mpaka kabla ya la kwanza, na kuna yuchiwon, hii ni chekechea ya kuanzia miaka 3 mpaka 5. Kuanzia miaka 3 zote zinafuata mtaala mmoja wa taifa unaoitwa Nuri, so usisumbuke kwamba moja inafundisha zaidi. Mimi kwa mwaka wa kwanza ningewaweka wote eorinijip moja. Geti moja, apu moja, walimu wanaijua familia, na dogo akilia dada yake yuko chumba cha jirani. Yuchiwon za serikali zilizo ndani ya shule za msingi, wanaita byeongseol, ni bei ndogo sana na binti anaweza kuhamia huko mwaka unaofuata, ila hizo zina likizo ndefu na maombi yake yanafanyika Novemba hivi kwa ajili ya Machi, kwa mwaka huu ngumu.

Machi hiyo ikumbuke, ndo mwaka wa shule unaanza. Mkifika Februari mmefika wakati mzuri sana, watoto wote wanaanza upya na wengine wa Kikorea nao watakuwa wanalia getini. Madarasa yanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, Januari mpaka Desemba, kwa hiyo dogo wako atakuta mwenzie darasani anakimbia na kuongea sentensi nzima wakati yeye bado anayumba, usianze kulinganisha, huyo mwenzie kamzidi karibu mwaka. Darasa lake la mwaka mmoja sheria inasema mwalimu mmoja watoto watano. La binti ni mpaka ishirini kwa mwalimu.

Kwenye hela nikwambie ukweli. Wakorea ada hii wanalipiwa na serikali, sisi wageni kwa kawaida hapana, na ile posho ya mtoto ya kila mwezi nayo ni ya raia. Kwa bei elekezi za serikali mtoto wa miaka 3 mpaka 5 ni karibu won laki mbili na themanini kwa mwezi, wa mwaka mmoja ni kama laki tano hivi, maana kadiri mtoto alivyo mdogo ndo bei inapanda, na juu yake kuna hela za safari na vifaa. Ila miji na mikoa mingine inawapunguzia watoto wa kigeni, ofisi za elimu nazo kwa upande wa yuchiwon, na inabadilika kila mwaka, kwa hiyo mumeo aende ofisi ya serikali ya mtaa, haengjeong bokji senteo, aulize swali hilo hilo moja: mtoto wa kigeni mnamsaidia kiasi gani hapa? Asiulize wenzake wa maabara, wengi hawana watoto. Kama hela haitoshi kwa wawili mpeleke binti, dogo abaki na wewe mwaka huu, hakuna kitakachoharibika.

Sasa siku zenyewe zinavyokwenda. Wiki ya kwanza ni ya kuzoea, wanaita jeogeung, siku ya kwanza unaingia nae mnakaa saa moja mnaondoka, kesho unatoka nje kidogo, wanaongeza taratibu mpaka alale mchana. Usiharakishe hata kama mwalimu anasema anaweza. Asubuhi binti atafundishwa kuinama na mikono miwili tumboni juu ya kitovu, ndo salamu ya watoto wadogo huku, akija nyumbani akakuinamia hivo usicheke, mwambie vizuri, na kwa bibi kwenye simu tunasema shikamoo. Watoto wanabeba zote mbili bila shida. Begi linakuwa na kijiko chake na uma kwenye kasha, mswaki, godoro jembamba na blanketi la kulalia mchana ambalo Ijumaa linarudi kufuliwa, nguo za kubadili, kila kitu kimeandikwa jina kwa herufi za Kikorea. Dawa huwezi kuitia kwenye begi ukaondoka, unajaza fomu kwamba apewe dawa gani saa ngapi kiasi gani, bila fomu mwalimu haigusi, na yuko sahihi.

Jioni mwalimu anakuandikia kwenye apu, wengi wanatumia Kidsnote: kala wali nusu bakuli, supu kamaliza, kimchi (kabichi ya pilipili) hakugusa, mchana kalala kwa saa moja na nusu, kwenye mchanga kacheza na fulani. Picha juu yake. Unakopi unaweka Papago inatafsiri. Na wewe andika asubuhi, hata sentensi mbili, kalala vibaya, kaamka na mafua, jana kaongea na bibi yake akalia. Akina mama wageni wengi wanasoma tu hawajibu kwa aibu ya lugha, na mwalimu anadhani hujali. Hapo ndo panapoharibika, sio ubaguzi wala nini.

Nguruwe. Hili lina njia nzuri kuliko unavyofikiri. Kila mwezi unapewa ratiba ya chakula, sikdanpyo, na pembeni ya kila chakula kuna vinamba vidogo vya vitu vinavyoleta aleji. Namba 10 ni nguruwe. Namba ni zile zile nchi nzima, 1 mayai, 2 maziwa, 4 karanga, 15 kuku, 16 ng'ombe. Kwa hiyo jioni kabla ya mwezi kuanza unakaa na kalamu unazungusha kila 10, unampelekea mwalimu, siku hizo binti anakula vingine au unambebesha mbadala, yai la kukaanga na gim (yale majani ya baharini makavu) anashiba vizuri tu. Ila namba haikwambii kama kuku kachinjwa kihalali, hapo mmeamua wenyewe na mumeo, familia nyingi za Kiislamu ninazozijua wanasema mtoto asile nyama yoyote shule, samaki na mayai na tofu anakula, inakuwa rahisi kwa mwalimu kukumbuka kuliko hii ndio hii hapana. Angalia pia soseji, mandu (kama sambusa ya kuchemsha, ndani ina nyama) na zile jeli za zawadi za birthday. Nyama halali mtapata, Daejeon kuna kituo cha Kiislamu upande wa vyuo na wanafunzi wenzenu wa Pakistan na Indonesia wanajua duka lote lilipo, Seoul kuna mtaa mzima Itaewon kuzunguka msikiti mkuu uliofunguliwa 1976, hapo hapo na maduka ya vyakula vya Kiafrika, unga wa sembe mtaununua huko kwa bei ya kuumiza.

Haya, Kiswahili. Hapa nitakaa kidogo.

Binti akianza atanyamaza. Wiki kadhaa, wengine miezi miwili mitatu, hasemi neno nasari, mwalimu atakuuliza kwa upole kama nyumbani anaongea. Anaongea, anasikiliza tu. Alafu siku moja utasikia anamgombeza mdogo wake kwa Kikorea na kuanzia hapo huwezi kumfikia. Hatari inakuja baada ya hapo. Kikorea kinakuwa lugha ya michezo, ya katuni, ya marafiki, na wao wawili wataanza kuongea Kikorea wenyewe kwa wenyewe hata sebuleni. Wazazi wengi wanafurahi wanarekodi video wanatuma kwenye grupu la familia. Mimi nakwambia furahi ila jibu kwa Kiswahili, usimwambie acha, usimkataze, yeye akisema kwa Kikorea nataka maji wewe sema unataka maji? haya njoo nikupe maji, baridi au ya uvuguvugu? Kila mara. Inachosha, najua.

Wengine watakushauri muongee Kikorea nyumbani ili mtoto ashike haraka, hata mwalimu mwenye nia njema anaweza kusema. Kataa. Kikorea chako kitakuwa cha kusuasua, na mtoto anahitaji mtu mmoja mwenye lugha iliyoshiba, wa kumhadithia sungura na fisi, wa kumtania, wa kumfokea ipasavyo. Na Kiingereza usiongeze sasa hivi, Kiingereza akirudi Tanzania atakikuta kinamsubiri shuleni. Mkirudi baada ya PhD binti atakuwa na miaka minane hivi, anaingia darasa ambalo wenzake wanasoma na kuandika Kiswahili, hiyo ndo shida ya kweli wenzake mumeo hawajaifikiria. Kwa hiyo beba vitabu vya hadithi na vya darasa la kwanza na la pili, ni vyepesi, na akifika miaka mitano na nusu anza kumsomesha kidogo kidogo, Hangeul, herufi za Kikorea, watamfundisha wao na haimchanganyi. Kikorea mkirudi kitapotea, tena haraka, usije ukaumia.

Kitu kimoja cha kitaalamu. Watoto huku wana uchunguzi wa afya na makuzi, mara nane tangu uchanga mpaka wanakaribia miaka sita, bure kwa waliomo kwenye bima ya taifa. Wanakupa dodoso linaitwa K-DST, lina sehemu ya lugha: anasema maneno mawili pamoja? anajua majina ya viungo? Mzazi mgeni anajaza kwa kuangalia Kikorea, mtoto anatoka na alama za chini, anaambiwa kachelewa. Jaza kwa lugha yoyote anayoiweza. Kama dogo anasema "mama maji" basi amesema maneno mawili, weka alama. Lakini kama akifika miaka miwili hana maneno hata kwa Kiswahili, hapo usisingizie lugha mbili, kuwa na lugha mbili hakumnyamazishi mtoto, muone daktari.

Ubaguzi. Sitakudanganya kwamba hakuna. Kuna nasari binafsi mtaenda wataona sura watasema nafasi zimejaa, msibishane, nendeni nyingine, za serikali (gukgongnip) zina utaratibu wa foleni ulio wazi zaidi. Watoto watashangaa ngozi, watashika nywele, na mabibi kwenye basi nao watashika nywele, watampa pipi, watakufokea wewe kwa nini mtoto hana soksi. Hawa mabibi wengi ni upendo, nchi haina watoto hii, mwaka 2023 wastani wa watoto ulishuka mpaka 0.72 kwa mwanamke, mtoto mchanga barabarani anaonekana kama harusi inapita. Ukimbeba dogo mgongoni kwa kanga watakufuata kabisa, maana wao enzi zao walibeba na podaegi, blanketi lao la kubebea mtoto mgongoni. Ila binti ana haki ya kichwa chake. Mfundishe kabla hamjapanda ndege: manjiji maseyo, usinishike, kwa adabu lakini kwa sauti. Na siku ya kwanza mwambie mwalimu kwamba nywele zikisukwa zinakaa wiki mbili, haziogeshwi kila siku, na mchanga ukiingia usizifumue. Baadae akiitwa jina baya darasani utamwambia mwalimu siku hiyo hiyo kwenye apu, kwa maneno makavu bila kulia lia, wanachukulia serious wakijua.

Afya nitapita haraka. Kadi ya ukazi mnaomba ndani ya siku 90, bila hiyo hakuna kitu kinachotembea. Bima ya taifa, NHIS, kwa wageni wengi inaanza baada ya kukaa miezi 6, mume kama mwanafunzi anaingia mapema lakini nyie wa F-3, yaani viza ya mke na watoto, jipangeni kana kwamba miezi ya mwanzo hamnayo, mkate bima ya safari ya hiyo miezi, na mumeo awaulize NHIS kuhusu nyie mapema. Kadi za kliniki mje nazo na mzipige picha. Bogeonso, kituo cha afya cha serikali, watalinganisha na ratiba yao, kwa dogo wataongeza vitu kama tetekuwanga na homa ya ubongo ya Japani ambavyo kwetu havimo kwenye ratiba, chanjo hizo za taifa ni bure kwa watoto mpaka miaka 12 hata wa kigeni waliosajiliwa. Usiku na wikiendi kuna kliniki za watoto zinaitwa dalbit, tafuta iliyo karibu kabla mtoto hajaugua, sio saa sita usiku mtoto anachemka. Dharura ni 119. Na hili usilisahau: kama kuna sikoseli kwenye ukoo wenu pimeni Tanga kabla hamjaja mje na karatasi, daktari wa mtaani huku anaweza kuwa hajawahi kumuona mgonjwa wake hata mmoja. Homa ndani ya miezi mitatu ya kutoka nyumbani, mtajie daktari malaria wewe mwenyewe, sema mal-la-ria, yeye anawaza mafua.

Nyumba. Mkiweza chagueni ghorofa ya chini kabisa. Kelele za miguu ya watoto ni ugomvi mkubwa kwenye maghorofa ya huku, jirani wa chini anaweza kupanda saa tatu usiku au kubandika karatasi kwenye lifti. Mkiikosa tandikeni mati nene sebule nzima, zipo used kwenye Danggeun, apu ya kuuziana vitu vilivyotumika, kwa bei ya bure, alafu wiki ya kwanza shuka na watoto na boksi la matunda ujitambulishe. Ukimletea matunda na akaziona sura zao, siku wakikimbia anavumilia kidogo. Sakafu inapashwa moto kwa chini, mtalala chini mfurahie, ila hewa ya baridi inakausha ngozi za watoto wetu mpaka zinapasuka, beba mafuta ya mgando ya kutosha. Mashine ya unyevu mtie maji matupu na muisafishe kila siku, usitie dawa yoyote ya kusafishia humo, dawa za aina hiyo ziliua watu wengi hapa wakiwemo watoto mpaka zikaondolewa sokoni 2011.

Sasa wewe. F-3 hairuhusu kazi bila kibali, mumeo atatoka maabara usiku, na Februari na Machi bado ni baridi. Nimewaona wanawake wenye digrii zao wanakaa chumba kimoja na simu ya Tanzania mchana kutwa, na kwa kuwa kuna tofauti ya masaa sita ndugu nao wanaamka wewe ushachoka. Binti akishazoea nasari, ndani ya mwezi huo huo nenda kituo cha familia cha wilaya, gajok senteo, wana madarasa ya Kikorea na vikundi vya akina mama. Dogo kama yuko na wewe kuna vituo vya malezi vya serikali vyenye maktaba ya midoli, unaazima toi kubwa wiki mbili unarudisha, na vyumba vya kuchezea, huko ndo utakutana na mama wa Kikorea anayeboreka kama wewe. Atakuita mama wa fulani, jina la mtoto kwanza, utajiona uko Ngamiani, Tanga. Na kama umesomea ualimu au lugha, ujue Hankuk University of Foreign Studies kampasi ya Yongin wanafundisha Kiswahili, wanafunzi wake wanapenda kuongea na watu wa kwetu, hata kwa video, sio ajira ila ni watu wa kuongea nao.

Mumeo asisubiri mfike. Wiki hii achague nyumba kwanza kwa kuangalia eorinijip zilizo umbali wa kutembea, apite kwenye tatu au nne kwa miguu na picha za watoto, aulize nafasi za Machi na kama foleni ya mtandaoni wanawapokea kabla kadi ya ukazi haijatoka. Kuna mwalimu mkuu mmoja kati ya hao atakayetaka kujua watoto wanapenda kula nini, aanze na huyo.